Nimeingia kamati ya kituo cha afya, wananchi wananunua dawa za presha na sukari nje. Nianzie wapi?

Mjumbe Mpya

Wakuu, habari za majukumu.

Nimechaguliwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo chetu cha afya, huku Singida vijijini. Malalamiko ni yale yale: mtu anapimwa, anaandikiwa, akifika dirisha la dawa anaambiwa "hii hakuna, kanunue nje". Nje kwenyewe ni duka moja pale stendi. Kuna mama alinionyesha cheti chake, kimeandikwa amlodipini, losatani na metformini. Ananunua vidonge vya wiki, vikiisha anakaa hivyo hivyo mpaka mwanawe atume hela.

Wenzangu wanataka tumwandikie mbunge, serikali ipange bei ya dawa madukani kama EWURA wanavyopanga ya mafuta. Mimi nasitasita. Kwa wanaojua haya mambo: ni njia gani inashusha gharama kweli, na kamati ya kijijini inaweza kusukuma nini?

Chuma Ulete

Bei elekezi ndiyo dawa. Hawa wenye maduka wanajipangia wanavyotaka, mgonjwa hana pa kukimbilia. Andikeni hiyo barua leo.

Mfamasia wa Kanda ya Kati

Chuma Ulete, taratibu. Ukimwekea ukomo mwenye duka la stendi wakati yeye mwenyewe kanunua kwa bei ya juu kwa msambazaji, ataacha kuileta hiyo dawa. Afrika Kusini walianzia juu: tangu 2004 kiwanda au mwagizaji anatangaza bei moja kwa wanunuzi binafsi wote, halafu ada ya mfamasia ikawekewa kikomo. Ule ni mfumo mzima na una wasimamizi wake. Barua moja ya kamati haiwezi kuuleta.

Sasa mjumbe, twende kwenye lako. Dawa zote tatu ulizotaja ni za kawaida, haki miliki zake zilishaisha, viwanda vinavyozitengeneza ni vingi. Bohari ya Dawa ya serikali (MSD) inazinunua kwa wingi. Huyo mama anaumizwa na dawa kutokuwepo dirishani kwenu, na hapo ndipo kamati ina meno.

Kituo kikiagiza MSD na MSD wakathibitisha kwamba dawa haipo, si ruhusa ya kukunja mikono. Kuna mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeshindanishwa ngazi ya mkoa na kufungiwa bei kwa mkataba. Utaratibu huo ulianza Dodoma 2014, na kufikia 2018 ulishaenea Tanzania Bara. Kituo kinanunua kwake kilichokosekana MSD.

Kwa hiyo kikao kijacho omba vitu hivi: leja (daftari la dawa zilizoingia na kutoka) ya hizo tatu, oda ya mwisho iliyokwenda MSD, na jibu la MSD. Utagundua haraka tatizo liko wapi. Mara nyingi oda ilichelewa, au waliagiza kidogo kwa sababu leja inaonyesha matumizi madogo. Na leja inaonyesha matumizi madogo kwa sababu dawa haikuwepo! Mduara huo nimeukuta vituo vingi. Wagonjwa wa presha na sukari wahesabiwe kwenye rejesta ya kliniki, oda itoke hapo.

Mama Wawili

Na pesa? Watu wa kituo watakwambia hawana.

Mfamasia wa Kanda ya Kati

Swali zuri. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo. Ongeza makusanyo ya papo kwa papo na malipo ya bima. Kamati inapitisha mpango na matumizi, kwa hiyo mjumbe usisaini kitu ambacho hujasoma. Ulizeni pia madai ya bima yaliyokatwa kwa fomu kujazwa ovyo. Hizo ni dawa zenu zimepotelea kwenye kalamu.

Nipo Minnesota

Nichangie toka huku. Marekani yenyewe, sheria ya 2003 iliizuia Medicare, bima ya wazee, kujadiliana bei na kampuni za dawa. Mnunuzi mkubwa kuliko wote, kafungwa mdomo! Sheria ya 2022 ndiyo ikafungua mlango. Insulini kwa walio Medicare ikawekewa ukomo wa dola 35 kwa mwezi kuanzia 2023, na bei zilizojadiliwa za dawa 10 za mwanzo zinaanza 2026. Nguvu iko kwa anayenunua kwa wingi.

Mfamasia wa Kanda ya Kati

Hapo umenena. Na ushindani. ARV, dawa za kufubaza VVU, zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, 2001 Cipla ya India ikatoa ofa ya dola 350. Sisi kama nchi maskini tuna msamaha wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, wa kutobanwa na haki miliki za dawa hadi 2033, ila malighafi ya viwanda vyetu bado inatoka India na China.

Chuma Ulete

Sawa, lakini huyo mama leo anakula nini? Leja?

Mama Wawili

Leo aombe daktari aandike jina la dawa, si la kampuni. Glucophage ni metformini. Dukani aulize ya bei nafuu iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa. Kama ametimiza 60 na hana uwezo, sera inampa msamaha, aanzie kwa mtendaji wa kijiji kisha ustawi wa jamii. Tahadhari tu: msamaha bila dawa dirishani ni karatasi. Kadi ya bima vilevile, nimeona wenye kadi wakitumwa nje.

Mjumbe Mpya

Nashukuru sana wakuu. Barua ya mbunge nitaomba isubiri. Swali moja: mganga mfawidhi akikataa kuonyesha leja?

Mfamasia wa Kanda ya Kati

Hawezi kuikatalia kamati. Iingizwe kwenye ajenda kwa maandishi kupitia mwenyekiti, muhtasari unakiliwa kwa mganga mkuu wa wilaya. Mfamasia wa wilaya naye aalikwe. Usiende kwa shari, vituo vingi vina watu wawili tu wa kushika stoo na dirisha.