Uzi wa malalamiko: Spika "zisizopitisha maji" zimekufa kwa maji, na muuzaji anasema sikumwambia kuwa ni maji ya ziwa

NahodhaWaKirumba:

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa bado nimeketi kwenye boti, mikono inatetemeka kwa hasira, na spika nne zimelala miguuni pangu kama sato walioachwa juani. Sitamtaja mtu huyu kwa jina wala sina haja ya kumtaja, kwa sababu kila mwenye boti, mtumbwi au hata beseni kuanzia Igombe mpaka Luchelele anamfahamu. Ni yule yule, wa pale pale, mwenye spika kubwa mlangoni inayopigwa tangu alfajiri mpaka majirani zake wamesahau majina ya watoto wao.

Leo saa nne asubuhi, mbele ya wateja wasiopungua sita na kijana wa kahawa aliyekuwa amesimama na birika lake, mtu huyo ameniambia hivi: "Mzee, hizi kweli hazipitishi maji, ila wewe hukusema kwamba ni maji ya ziwa."

Maji ya ziwa. Niko Mwanza, nina boti, nimenunua spika za boti. Alidhani ninakwenda kuelea juu ya maji gani? Ya mtungi?

Kwa wasionifahamu, kazi yangu ni kuwazungusha wageni: tunapita kisiwa cha Saanane, tunasogea karibu na Jiwe la Bismarck wapige picha, jioni tunasimama mbele ya Capri Point kuangalia jua likizama. Kwa miaka mingi nilitumia spika mbili zilizotoka kwenye daladala, nilizozifunga kwa waya. Injini ikiwaka tu, muziki ulikuwa unaonekana kwenye taa za redio lakini hausikiki. Wateja walilalamika, nami nikaona wana haki, kwa hiyo nikakusanya shilingi 480,000 nikaenda kununua spika nne na amplifaya yake.

Nataka hapa mnisikilize vizuri. Sikwenda pale kama mtu asiyejua anachotaka. Nilimweleza kwamba boti haina paa mbele, kwamba mawimbi hurusha maji mpaka kwenye viti, kwamba mvua hunyesha na jua huchoma. Nikachukua kalamu yake mwenyewe nikamchorea boti nyuma ya risiti, nikaonyesha mahali ambapo kila spika itakaa, na chini ya boti nikachora mistari mitatu ya mawimbi. Mistari mitatu! Risiti hiyo ninayo hapa. Siku ile nilikuwa "bosi wangu", nikapewa kiti na soda. Leo nimekuwa "mzee".

Jumamosi nilibeba sendofu. Tulikuwa tunapishana na kivuko cha Kamanga, baba wa bibi harusi ameshika maikrofoni anampa binti yake wosia, watu wameanza kufuta machozi. Wimbi la kivuko likatugonga ubavuni, yakaingia maji ambayo hayajazi bakuli la ugali. Spika ya kushoto mbele ikakoroma kama kiboko aliyepaliwa. Ya pili ikaitikia. Baba wa watu akawa anasema "mwanangu, nyumba ni uvumilivu" na kinachotoka ni mngurumo mtupu, mpaka mama mmoja mwenye mtoto akahamia nyuma kwa hofu. Kabla hatujafika gatini zote nne zilikuwa kimya, na nusu ya malipo yangu imezuiliwa mpaka leo.

Usiku nimefungua moja. Koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti, ni ya karatasi, iliyopakwa rangi nyeusi ing'ae kama plastiki. Nimeibonyeza kwa kidole, kidole kimepita kama kwenye kitumbua kilicholowa chai. Ile pete ya pembeni inayoishikilia koni, ambayo inatakiwa iwe ya raba, ni sponji. Sumaku imeanza kutu, na skrubu zimeacha michirizi ya rangi ya chai kwenye faiba nyeupe ya boti yangu. Nikakwangua kibandiko cha "IP67", ile alama ya kuzuia vumbi na maji, kwa ukucha, kikatoka chote, na chini yake kuna kibandiko kingine chenye picha ya gari dogo. Gari, ndugu zangu.

Nikambebea vyote hivyo dukani, spika, vibandiko na mchoro. Nikamsalimia kwa heshima. Na jibu lake, mbele ya watu, ni kwamba sikusema ni maji ya ziwa. Watu wakacheka. Kijana wa kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini.

MamaDagaaMwaloni:

Pole sana kaka yangu. Nimemjua kabla sijamaliza mstari wa pili. Mimi aliniuzia redio ya sola ya kuchukua kisiwani, nilipofika nikakuta haina mahali pa kuchomeka sola bali inataka umeme wa ukutani, na niliporudi akaniambia jua la kisiwani ni tofauti na la mjini. Kwa hiyo hayo ya maji ya ziwa sishangai hata kidogo.

KijanaWaNyakato:

Tunaomba picha ya huo mchoro kabla hatujatoa hukumu. Inawezekana mawimbi yako yalifanana na milima, na muuzaji akadhani unakwenda kufunga spika Usambara.

FundiRedioIgogo:

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa hasara. Naomba niweke mambo mawili sawa, maana nafungua spika za namna hii karibu kila wiki.

Hiyo namba inayofuata herufi IP si pambo. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Saba maana yake kifaa kimezamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30 kikatoka kizima, na maji yanayotumika kwenye kipimo hicho ni maji baridi ya kawaida, yasiyo na chumvi. Ziwa Victoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na kwa maziwa ya maji baridi ni la pili duniani kwa eneo, kwa hiyo alichokwambia ni kinyume kabisa. Spika ya IP67 imepimwa kwa maji ya aina ile ile uliyonayo. Kama ungefunga Tanga au Zanzibar akakwambia chumvi imekula sumaku na waya, hapo ningemsikiliza kidogo.

La pili ni wati. Umesema amplifaya imeandikwa wati ngapi, na fyuzi yake ni ya ampea ngapi?

NahodhaWaKirumba:

Marahaba fundi, na asante kwa kuwa wewe angalau umesoma. Imeandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa za dhahabu. Fyuzi ni ya ampea 15.

Na wewe wa Nyakato, mawimbi niliyachora vizuri. Hata mtoto wa chekechea angeyatambua. Yeye mwenyewe aliyagusa kwa kidole akasema, "Nimekuelewa bosi wangu." Alielewa nini basi? Mtu anagusa mawimbi kwa kidole, kisha anasema hakuambiwa ni ziwa!

FundiRedioIgogo:

Basi piga hesabu nami. Betri ya boti ni volti 12. Volti 12 mara ampea 15 ni wati 180, na hata injini ikiwa inachaji na volti zikafika 14, ni wati 210. Hizo ndizo zinazoingia, na si zote zinazotoka kama sauti. Wati 1000 zingekata fyuzi hiyo kabla wimbo haujamaliza mstari wa kwanza. Siku nyingine tafuta namba iliyoandikwa RMS, hiyo ndiyo nguvu ambayo spika inaistahimili muda wote, na usiiangalie ile ya kilele, inayofikiwa kwa kitambo kidogo tu.

Tena msidhani wati peke yake ndiyo dawa ya boti. Chumbani kuna kuta zinazorudisha sauti, na besi inakaa. Ziwani sauti ikitoka imekwenda zake. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, ambazo sikio linazisikia kwa shida mbele ya injini. Ni bora spika nne zenye usikivu mkubwa, yaani zinazotoa sauti kubwa kwa wati chache, desibeli 90 au zaidi kwa wati moja, zifungwe chini usawa wa magoti na kuelekezwa kwa abiria badala ya kuelekezwa kwa samaki. Koni iwe ya plastiki ngumu, pete iwe ya raba, waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, skrubu za chuma cha pua, na fyuzi ikae karibu na betri.

MtuWaPembeni:

Mimi nauliza tu. Je, uliosha boti kwa mashine ya presha?

NahodhaWaKirumba:

Niliosha, ndiyo. Ina uhusiano gani na muuzaji kunifedhehesha mbele ya kijana wa kahawa?

MtuWaPembeni:

Uhusiano upo. Saba ni ya kuzamishwa, haithibitishi kwamba kifaa kimepimwa kwa maji yanayorushwa kwa nguvu. Kipimo hicho namba zake ni tano na sita. Hata ingekuwa spika halisi, mashine ya presha ingeweza kuiua.

NahodhaWaKirumba:

Haikuwa halisi! Nimetoboa koni kwa kidole! Mnamtetea mtu aliyebandika karatasi juu ya picha ya gari?

KijanaWaNyakato:

Hakuna anayemtetea mzee wetu, ila mchoro bado hatujauona.

NahodhaUkerewe:

Wewe wamekuharibia sherehe, mimi nusura wanipoteze. Huyo huyo jamaa alimtuma fundi wake akanifungia spika mbili kwenye usukani, moja upande huu wa dira na nyingine upande ule, hata shibri haifiki. Spika ina sumaku nyuma, na sindano ya dira inafuata sumaku. Nilitoka Nansio, bandari yetu ya Ukerewe, kabla ya mapambazuko kuna ukungu, nikafuata dira kwa utii, na jua lilipochomoza nikakuta Ukerewe iko upande ambao haikutakiwa kuwepo. Nilipomweleza akanijibu kwamba muziki hauna dira. Kwa hiyo ndugu yangu wa Kirumba, nakuonea huruma, lakini la kwangu ni zito zaidi.

FundiRedioIgogo:

Hilo ni kweli kabisa na ni la hatari. Sogeza spika angalau mita moja kutoka kwenye dira, kisha zungusha boti taratibu uhakikishe sindano haiyumbi, muziki ukiwa umezimwa na ukiwa umewashwa.

MkaziWaUfukweni:

Kwa kuwa mmefungua mlango, na mimi naingia. Naishi juu ya mawe upande wa ziwa, na kila Jumamosi usiku boti zenu hizo zinapita na muziki ambao nausikia kitandani kuliko anavyousikia aliyeulipia. Nilifundishwa sababu yake shuleni: usiku hewa iliyo karibu na maji ni ya baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa inapanda inapindishwa na kurudishwa chini, ikateleza juu ya maji mpaka dirishani kwangu. Mtoto wangu wa miaka mitatu anajua nyimbo zote za sendofu. Mimi kwa kweli, aliposema spika nne zimekufa, nilishukuru.

NahodhaWaKirumba:

Dada, au kaka, boti yangu inarudi gatini saa moja na nusu jioni, hao wa usiku si mimi. Narudia kwamba uzi huu ni wa spika zilizouzwa kwa udanganyifu, na neno nililoambiwa mbele ya watu sita.

MamaDagaaMwaloni:

Mwanzo ulisema wasiopungua sita.

MvuviWaKarabai:

Mimi sina habari ya muziki, ila huyo mtu mnayemsema ndiye aliyeniuzia betri ya taa za dagaa. Zamani tulikuwa na karabai za mafuta, ukimwaga mafuta ya taa ukiwasha umemaliza. Sasa tuna taa za betri, na yeye akanipa betri ya gari akaniapia kwamba betri zote ni ndugu. Miezi mitano tu, inawaka mpaka saa sita usiku kisha inakufa, na dagaa wanaondoka wakituangalia.

FundiRedioIgogo:

Betri si ndugu. Ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ichajiwe palepale. Ukiimaliza kila usiku, sahani zake za ndani zinaharibika mapema. Wewe unahitaji betri ya sola, ile inayostahimili kushuka na kupanda. Unawasha taa ngapi?

MvuviWaKarabai:

Sita, kila moja wati 5, yapata saa kumi kwa usiku. Siku za mbalamwezi hatuendi.

FundiRedioIgogo:

Taa sita mara wati 5 ni wati 30, mara saa kumi ni wati-saa 300, gawa kwa volti 12 unapata ampea-saa 25, hicho ndicho kipimo cha akiba ya betri. Usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo chukua ya ampea-saa 50, na ukiweza ongeza kidogo.

NahodhaUkerewe:

Hiyo ya 50 itaendesha na dira ya umeme pia, fundi? Naona niachane na ya sindano.

FundiRedioIgogo:

Itaendesha bila shida, dira ya umeme hula kidogo sana. Ila hata hiyo ikae mbali na sumaku.

MvuviWaKarabai:

Nimeelewa, ahsante. Nielekeze tu duka la kuipata, popote pale mjini, hata kama ni kupanda mlima kwa miguu, mradi lisiwe la yule.