Kipande cha Barabara ya Kilwa, Jaribu hadi Ikwiriri, kiitwe Barabara ya Mashujaa wa Polisi

Lindo la Usiku:
Wakuu, heshima kwenu. Jioni ya 13 Aprili 2017, kuamkia Ijumaa Kuu, askari polisi wetu wanane walitoka lindo kule Kibiti wakaviziwa njiani na kuuawa. Gari lilimiminiwa risasi, silaha zikabebwa. Leo ukipita pale na basi la Mtwara hakuna hata jiwe la kumbukumbu. Napendekeza kipande cha kuanzia Jaribu Mpakani hadi Ikwiriri kipewe jina lao. Flaiova ya Tazara ina jina la Mfugale, ya Ubungo ina la Kijazi, wote watumishi wa umma. Waliokufa wakiwa kazini na bunduki begani wamekosa nini? Najua watapinga watu, na nyie wa Rufiji mliokuwa mnawajua wauaji mkakaa kimya mtakuwa wa kwanza.

Semi Tela:
Naunga mkono hoja. Ila walikuwa saba.

Lindo la Usiku:
Wanane, mkuu.

Binti Utete:
Hilo la barabara nilitaka kuunga mkono mpaka nilipofika mstari wako wa mwisho. "Mliokuwa mnawajua wauaji." Unajua ni wenyeviti wangapi wa vijiji na vitongoji waliouawa Kibiti na Rufiji kipindi kile, kabla na baada ya hao askari? Watendaji je? Watu wanafuatwa majumbani usiku, wengine wakaacha uongozi wakakimbilia Dar. Askari mwenye SMG na gari la serikali hakujua adui yuko wapi, mimi mwenye jembe la shamba la mpunga ndiye nilitakiwa nimjue?

Lindo la Usiku:
Dada usipaniki, sijasema wote.

Kichwa Maji:
Umesema "nyie wa Rufiji". Labda ulikusudia nyie wa Rufiji ya Norway.

Kota Namba Tatu:
Mimi nimekulia kota za polisi, naomba niulize kitu. Bango litaandikwa nini? "Mashujaa wa Polisi" ni jina la watu wote, kwa hiyo si la mtu. Pale katikati ya Dar tuna Sanamu ya Askari tangu 1927. Mwanajeshi kashika bunduki yenye singe, maandishi Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, majina ya marehemu hakuna. Leo nani anaweza kukutajia hata mmoja wao? Nyumbani kwetu tuliwajua kwa majina waliotoka zamu wasirudi. Kama ni kuenzi, waandikwe mmoja mmoja, na familia ziulizwe kwanza.

Semi Tela:
Nimehesabu tena, ni kweli wanane. Nilichanganya na wale polisi waliouawa Mbande.

Mzee wa Kongowe:
Mbande walikuwa wanne, kijana. Agosti 2016, wanabadilishana lindo pale benki. Stakishari ilikuwa Julai 2015, kituo cha polisi kikavamiwa usiku.

Semi Tela:
Stakishari iko Ukonga mzee, ni Barabara ya Pugu hiyo, inahusu nini na Kilwa?

Mzee wa Kongowe:
Barabara ya Pugu haipo. Ni Barabara ya Nyerere.

Semi Tela:
Konda gani anaita Nyerere Road? "Pugu Pugu Pugu" ndiyo wanavyoita mpaka leo. Na hiyo ndiyo hoja yangu, jina la kwenye bango watu hawalitumii. Kipande cha Bagamoyo Road kilipewa jina la Ali Hassan Mwinyi tangu zamani, bado unaambiwa "shuka Bagamoyo Road".

Mtanzania Sacramento:
Huku California kitu hiki ni cha kawaida. Kipande cha barabara kuu kinapewa jina la askari aliyeuawa kazini, jina lake kamili, azimio linapita bungeni la jimbo, na gharama za bango zinatoka kwa wachangiaji, si kwenye hazina ya jimbo. Barabara yenyewe haibadilishwi jina kwenye ramani. Tungeweza kufanya hivyo bila kugusa jina la Kilwa.

Kichwa Maji:
Huko si ndiko polisi wanapiga mtu risasi halafu barabara inapewa jina? Baki na mabango yako.

Mtanzania Sacramento:
Nimeeleza utaratibu tu, wewe umenirukia.

Kichwa Maji:
Mtu akishapanda ndege anarudi na utaratibu.

Mkenya wa Pwani:
Majirani, jihadharini na mabango. Kwetu Nairobi mwaka 2021 waliipa barabara jina la Atwoli, kiongozi wa wafanyakazi, akiwa hai na anakula nyama. Bango likang'olewa, likachomwa moto. Sisi askari wetu zaidi ya arobaini waliuawa Baragoi mwaka 2012 katika bonde la Suguta. Barabara yao siijui. Ya Atwoli kila mtu aliijua.

Semi Tela:
😂😂 Mfugale pia alipewa akiwa hai, lakini yule alijenga.

Mzee wa Kongowe:
Ngoja niwape la kufikiri. Kama kipande kile kinatafuta shujaa, foleni ni ndefu. Kinjikitile Ngwale wa Vita vya Maji Maji alitokea Ngarambe, na Mjerumani alimnyonga Mohoro Agosti 1905. Mohoro iko hapo hapo, ukivuka Daraja la Mkapa si mbali. Na waliomkamata na kumpeleka kitanzini walikuwa na bunduki na kofia za serikali.

Lindo la Usiku:
Mzee, unawafananisha askari wa Jamhuri na askari wa Mjerumani?

Mzee wa Kongowe:
Nimetaja historia.

Lindo la Usiku:
Hukutaja historia, umetupa jiwe umeficha mkono. Wale wanane walikuwa vijana wa Kitanzania, Waislamu na Wakristo, mishahara yao mnaijua. Hawakumnyonga mtu. Nimekuheshimu kwa umri wako, basi.

Binti Utete:
Ukiguswa wewe unaona uchungu wa kuunganishwa na watu usiowajua, eh?

Kichwa Maji:
Funga uzi, dada kamaliza.

Lindo la Usiku:
Sawa, mstari ule ulikuwa mkali. Lakini msimamo wangu uko pale pale, kuna watu waliwapa wale jamaa chakula na hifadhi. Msituni hakuoti ugali.

Binti Utete:
Kuna watu pia walichukuliwa na hao wanaokuja kutulinda na hawajarudi. Kipindi kile pikipiki zilikuwa mwisho saa kumi na mbili jioni, mama mjamzito ungembeba na nini usiku? Mwandishi wa Mwananchi, Azory Gwanda, ndiye alikuwa anaandika mambo haya. Alitoweka Kibiti Novemba 2017. Yeye atapewa mchepuko upi?

Lindo la Usiku:
Hiyo ni mada nyingine, anzisha uzi wako.

Binti Utete:
Barabara ni ile ile.

Dereva wa Kusini:
Mimi nalala barabarani humo humo mnapogombania. Mvua za 2024 zilikata njia pale Somanga, magari yamepanga mstari, nyanya zinaoza, abiria wanalala nje. Leo mnajadili bango. Tena kwa hilo jina la Mashujaa wa Polisi, madereva tutacheka mpaka tupoteze usukani. Kuna mmoja juzi kanisimamisha, leseni ipo, bima ipo, taa zinawaka, akaniuliza "sasa mimi utaniachaje?"

Semi Tela:
Hahaha. Ulimwachaje?

Dereva wa Kusini:
Elfu tano. Ya shujaa.

Kota Namba Tatu:
Huyo wa elfu tano na waliouawa si mtu mmoja. Na bado sijajibiwa kuhusu majina.

Kichwa Maji:
Dereva umetoa rushwa halafu unalalamika. Mtoaji na mpokeaji wote kosa moja.

Dereva wa Kusini:
Wewe una gari? Jibu hilo kwanza.

Kichwa Maji:
Nina akili.

Mkenya wa Pwani:
Hiyo elfu tano ni pesa ya wapi? Kama ni ya Tanzania, huku haifiki hata mia tano za kwetu.

Semi Tela:
Tukirudi kwenye mada, mnakumbuka operesheni ya anwani za makazi 2022, kabla ya sensa? Mtaani kwetu waliambiwa mpendekeze majina ya mitaa. Ukapewa jina la mjumbe, kisa ndiye aliyeshika kalamu. Kwa hiyo nani atashika kalamu huku Kibiti? Halmashauri, TANROADS wenye barabara kuu, au Jeshi la Polisi lenyewe?

Lindo la Usiku:
Nimeshaanza kuandika barua kwa halmashauri. Atakayetaka kusaini anitumie ujumbe.

Binti Utete:
Nitasaini mkiongeza wenyeviti wa vijiji na watendaji waliouawa. Bango moja, majina yote.

Kota Namba Tatu:
Na mimi nasaini hilo.

Lindo la Usiku:
Hao wenyeviti wenyewe walikuwa wa chama gani?