Naomba ushauri: kamba za gitare ya kamba 12, nitoe zote ao moja moja?

Jambo bandugu, niko huku Bukavu, Kadutu, napiga gitare mu korali. Papa mmoja wa kanisa ametuachia akustiki ya kamba 12 lakini kamba zote zimeota kutu. Ya kamba 6 nabadilisha hata macho imefungwa, ila hii inaniogopesha kabisa.

Ile kamba ya noti sol, ile ndogo, nyembamba kuliko zote, imeshakatika mara 2 kabla hata ifike kwenye sauti yake, ya pili ikanichapa kidole (wana korali walicheka sana). Sasa nimebaki na paketi moja tu, niliagiza Kigali, ikiharibika basi tena.

Nikitoa zote mara moja nisafishe manshi (ule ubao wa kubonyezea kamba), shingo haitajipinda? Na je, niakorde (nipange sauti) toni moja chini halafu niweke kapo (kile kibanio cha kamba) kwenye freti ya 2, itapunguza mvuto wa kamba? Tena aliyezifunga mbele yangu alichanganya, kamba zinaenda mbili mbili, za si na mi ndogo zinalingana sawa, lakini kwa mi kubwa, la, re na sol, ile ya oktavi (nyembamba, ya sauti ya juu) ikae juu ao chini ya mwenzake? Jumapili tunaimba, nisaidieni haraka.