Naomba ushauri: leza ya kuchubua uso kwa sisi wenye ngozi nyeusi

Habari zenu wadau. Nina makovu ya chunusi mashavuni, yale ya vishimo, na daktari wa ngozi hapa Dar amenishauri nifanye leza ya kaboni dayoksaidi. Inaunguza tabaka la juu ili ngozi mpya iote. Siku za mwanzo uso utavimba na kutoa majimaji, halafu magamba, na wekundu unaweza kukaa miezi. Hayo sawa, likizo ninayo.

Kinachoninyima usingizi ni madoa. Mimi ni mweusi tii, hata kipele kidogo kikipona kinaniachia alama. Nasikia ngozi kama zetu hufaa zaidi leza ya vitundu vitundu, ile inayoruka sehemu za ngozi nzima katikati ili kidonda kipone haraka, tena kwa nguvu ndogo. Kuna mweusi mwenzangu aliyefanya? Madoa yalikuja? Yaliisha?

Jambo lingine, nimemaliza vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali, hivi karibuni. Ushauri wa miaka mingi ni kusubiri miezi 6 kabla ya leza ya aina hii, lakini daktari wala hakuniuliza, na hilo limenitia shaka. Pia huwa natokwa na malengelenge mdomoni, yale ya virusi vya herpes, na leza inaweza kuyaamsha. Mlipewa dawa ya kuzuia virusi kabla?

Wauza krimu za kung'arisha naomba mnipite. Sitaki weupe, nataka vishimo vipungue.