Zile trilioni 1.3 za UVIKO, tulipewa au tulikopeshwa?

mzazi_wa_kata:
Wakuu habari zenu. Shule ya kata huku kwetu kuna madarasa yameandikwa UVIKO-19 ukutani, yaani yamejengwa na zile trilioni 1.3 za corona zilizotoka IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), sasa juzi kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja kasimama anasema hayo ni msaada wa wazungu, mwingine akamkatalia katakata eti ni kodi zetu, ajenda ya chakula cha watoto ikafia hapohapo. Naomba kujuzwa, ni msaada au mkopo? Na hao IMF wameanza lini kujenga madarasa?

Kikokotoo:
Mkopo huo mkuu. Septemba 2021 IMF waliipitishia Tanzania dola milioni 567.25, ndo hizo shilingi trilioni 1.3. Theluthi moja haina riba na unaanza kulipa baada ya miaka mitano na nusu, theluthi mbili riba ipo na deni linatakiwa liishe ndani ya miaka mitano. Msaada wa kweli ulikuwa Juni 2020, walitulipia deni letu la kwao dola milioni 14.3, linganisha mwenyewe hizo namba mbili. Corona ilifanya hivyo karibu kila mahali, mikopo ya chapchap ikatoka huku misaada inakatwa, Uingereza kwa mfano walishusha yao kutoka asilimia 0.7 ya pato lao hadi 0.5 mwaka huohuo 2021.

fundi_nondo:
IMF hawajajenga kitu, tumejenga sisi mafundi wa mtaani kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi 😂 Darasa moja milioni 20, Desemba liwe limeisha maana Januari 2022 form one wanaingia wote kwa mkupuo, hakuna cha kubaki nyumbani kusubiri chaguo la pili. Huku kwetu saruji ikapanda, nondo ukiagiza leo unaambiwa rudi wiki ijayo, tukawa tunapiga plasta usiku kwa taa ya pikipiki na mtendaji kasimama pembeni anapiga picha za kurusha kwenye grupu la WhatsApp.

Mama Tatu:
Kuhusu corona na darasa, hoja ilikuwa kupunguza msongamano watoto wasiambukizane. Ila mi naona watu wanasahau kitu, masharti. Zamani tulizoea kuambiwa punguzeni wafanyakazi, binafsisheni, safari hii IMF wakataka takwimu za wagonjwa wa corona, ambazo tuliacha kutoa toka 2020, na matumizi yakaguliwe. Takwimu zikarudi, chanjo zile za Johnson zaidi ya milioni moja kutoka Marekani zikatua Julai 2021, pesa ikafuata Septemba. Mtu aniambie hayo hayahusiani.

Kikokotoo:
@Mama Tatu yanahusiana, ila usiwape sifa zote wao, na huku uongozi ulikuwa umebadilika Machi 2021, Magufuli kafariki kaingia Samia.

mzazi_wa_kata:
Asanteni wakuu nimeelewa. Kwahiyo yule mzee wa kodi ndo yuko karibu na ukweli, maana watakaolipa ni sisi. Na hawa form one wa 2022 si wameshamaliza form four, nao sasa wanakatwa kodi kwenye miamala ya simu kulipa huo mkopo?

fundi_nondo:
Wanakatwa vizuri tu 😂 Na kuna darasa langu moja dari linavuja, hiyo nayo mtaniuliza mimi au IMF?