Supavaiza kaandika "rekebisha marejeo yote, tumia APA 7", naanzia wapi?

MtuWaUyole: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Niko Mbeya namalizia ripoti ya saikolojia, mada msongo wa mawazo kwa wanafunzi wa bweni, leo kazi imerudi kalamu nyekundu kurasa zote za marejeo, anataka APA toleo la 7, ule mtindo wa kuandika marejeo. Vyanzo vyangu vingi ni vya mtandaoni, kuna ukurasa wa WHO hauna jina la mwandishi, Maslow, yule mwanasaikolojia wa ngazi za mahitaji ya binadamu, nimemsoma kwenye blogu, na kuna saiti haina hata mwaka. Jamaa wa stesheneri hapa Mwanjelwa anasema nibandike linki tu inatosha. Kweli?

Kihesa_Original: Huyo mwache na baindingi zake 😂 Linki peke yake sio rejea. Anza na nani, kisha lini, nini, wapi. Hapo WHO ndo mwandishi, andika World Health Organization kirefu, mwaka kwenye mabano, kichwa cha ukurasa kwa italiki, halafu linki, jina la saiti usilirudie maana ni lile lile. Mwaka ukikosa shuka chini kabisa ya ukurasa utaukuta.

DadaWaNjombe: Mkuu hapo mwisho umempoteza. Ule mwaka wa chini ni wa hakimiliki ya saiti nzima, hauchukuliwi. Kama ukurasa wenyewe hauna tarehe unaandika "n.d." (no date, yaani haina tarehe) basi.

Na wewe mtoa mada, Maslow wa kwenye blogu ndo kakuponza, mimi ningekuwa supavaiza ningerudisha pia. Makala yake ni ya 1943, Psychological Review juzuu ya 50 namba 4, uk. 370 hadi 396, na DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) inayo: https://doi.org/10.1037/h0054346. Itafute uisome, tena utashangaa ile piramidi inayochorwa kwenye kila slaidi humo haimo kabisa. Ukiikosa, kwenye sentensi mtaje Maslow ila sema umemtoa kwa nani, na kwenye orodha anaingia yule uliyemsoma kweli.

MtuWaUyole: Dah, piramidi nimeichora ukurasa mzima 🙈 sasa nikinukuu ukurasa wa wavuti namba ya ukurasa natoa wapi? Na "Retrieved from" naiacha?

DadaWaNjombe: Hesabu aya, unaandika "para. 4". "Retrieved from" ni mambo ya toleo la 6, la 7 lilivyotoka 2019 wakaiondoa, inabaki pamoja na tarehe kwa kurasa zinazobadilika badilika tu. Ukinukuu ndani ya maandishi, waandishi wakianzia watatu unataja wa kwanza na kuweka "et al." (na wenzake) tangu mara ya kwanza, sio mpaka uwataje wote kwanza kama zamani.

Kihesa_Original: Nimekubali dada. Niongezee tu, ile batani ya kunukuu ya Google Scholar msiiamini sana, DOI haiweki, na vichwa vya makala mara nyingi vinakuja herufi kubwa kila neno wakati APA inataka neno la kwanza tu, na majina, na linalofuata nukta mbili. Kopi, pesti, halafu kaa usafishe moja moja.

MtuWaUyole: Poa wakuu, nanunua bando nianze na Maslow.