Pedi za breki za mbele kwa gari la familia: seramiki, nusu metali au zile zisizoandikwa kitu?

DerevaMtulivu:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kuhusu pedi za breki za mbele za gari la familia lenye viti saba. Siku za kazi gari hubeba watu wawili au watatu kwenye foleni, lakini wakati wa likizo hujaa watu na mizigo na kupita barabara yenye miteremko mirefu. Hivi karibuni breki zimeanza kulia kila ninapokanyaga pedali taratibu. Fundi alipofungua gurudumu la kushoto alinionyesha kuwa pedi ya ndani imebakiza milimita mbili hivi za lainingi (sehemu inayosugua diski), ilhali ya nje bado ina sita au saba. Upande wa kulia pedi zote mbili ziko sawa, karibu milimita tano kila moja.

Muuzaji wa vipuri ameniwekea maboksi matatu mezani. La kwanza limeandikwa seramiki na la pili limeandikwa nusu metali. La tatu halisemi lolote kuhusu malighafi yake, isipokuwa pembeni mwa pedi zenyewe pamechapwa mfululizo wa namba unaoishia na herufi FF. Muuzaji anasisitiza kuwa seramiki ndiyo bora kwa gari lolote, fundi naye anataka nusu metali kwa sababu ya mizigo. Nitumie kigezo gani kuchagua? Je, FF ni daraja la ubora? Na kwa kuwa upande wa kulia bado una uhai, inafaa kubadilisha kushoto peke yake?

FundiBreki:

Ndugu DerevaMtulivu, kabla hujagusa boksi lolote, rudi kwanza kwenye gurudumu la kushoto. Pedi ya ndani kwisha mbele ya ile ya nje kwa tofauti kubwa kiasi hicho ni ugonjwa wa kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), na ukifunga pedi mpya bila kuutibu, hata ziwe za gharama gani, zitaisha vilevile.

Magari mengi ya familia yana kalipa inayoelea. Pistoni iko upande wa ndani tu. Unapokanyaga pedali, pistoni husukuma pedi ya ndani mpaka iguse diski, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ije ibane upande wa pili. Pini zikikauka grisi au zikishika kutu, kalipa haitelezi tena, hivyo pedi ya ndani hubeba karibu kazi yote na mara nyingi hubaki ikiparuza diski hata baada ya mguu kuondoka kwenye pedali. Dalili kama hizo hujitokeza pia pale pistoni yenyewe inapogoma kurudi kwa sababu mpira wake wa kuzuia vumbi umechanika na maji yakaingia.

Mwambie fundi afungue kalipa na aitundike kwa waya, asiiache ining'inie kwenye mpira unaopitisha mafuta ya breki. Kisha ashike kila pini kwa vidole na kuisukuma ndani na nje. Pini nzima huteleza laini, na ukiiachia huhisi hewa iliyomo kwenye kifuko cha mpira ikiirudisha kidogo; iliyokwama hugoma kabisa, au hutoka ikiwa na madoa ya kahawia na grisi iliyogeuka kuwa kama lami kavu. Pini yenye kutu iliyokula chuma usiisugue kwa msasa ukairudisha, badilisha. Grisi ya kupaka ni ile ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, kwa kuwa grisi ya beringi ina mafuta ya petroli ambayo huvimbisha mipira hiyo na kuikwamisha pini upya. Nimeona kalipa nyingi zikiharibiwa na kopo la grisi isiyo yake kuliko na umri.

Kuhusu kelele, pedi nyingi zina kijibati kilichopinda ambacho huanza kugusa diski lainingi inapobaki milimita mbili au tatu, na kazi yake ni kulia. Kwa unene ulioutaja, huenda kinachokusumbua ni hicho tu. Na hapana, usibadilishe upande mmoja. Pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia kwa pamoja na za aina moja, la sivyo gari litavuta upande mmoja wakati wa breki ya ghafla.

Mhandisi_K:

Naongezea pale alipoachia Fundi, nikianza na hizo herufi kwa sababu zinapotosha watu wengi, wakiwemo wauzaji.

FF si daraja la ubora. Ni alama ya msuguano iliyowekwa na kanuni ya SAE J866, ya jumuiya ya wahandisi wa magari: herufi ya kwanza inaonyesha msuguano katika joto la kawaida la kazi, ya pili inaonyesha msuguano pedi ikiwa imepata moto zaidi. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Ukiona FE, maana yake pedi hupoteza nguvu ikipata moto. Ukiona FF, inabaki katika kundi lile lile. Hayo ndiyo yote ambayo herufi zinaweza kukuambia. Hazisemi pedi itadumu muda gani, itakula diski kiasi gani, wala kama lainingi imegandishwa vizuri kwenye bati lake la chuma. Tena kipimo chenyewe hufanywa kwa kipande kidogo cha lainingi maabara, hakifanywi kwenye gari. Pedi mbili zenye FF zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana.

Alama yenye uzito zaidi ni ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90, inayojulikana kama R90. Utaiona kama herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini, kwa mfano E1 ni Ujerumani, E4 ni Uholanzi na E11 ni Uingereza, ikifuatwa na namba ya idhini inayoanza na 90R. Kwa magari ya abiria, pedi yenye idhini hiyo imejaribiwa kwa aina ya gari iliyokusudiwa, na nguvu yake ya kusimamisha haipaswi kupishana na ya pedi ya awali kwa zaidi ya asilimia 15. Zingatia kuwa kikomo hicho ni cha pande zote mbili: pedi inayoshika kupita kiasi nayo hukataliwa, kwa sababu huvuruga uwiano kati ya breki za mbele na za nyuma. Kanuni hiyo inataka pia boksi lifungwe kwa namna ambayo likifunguliwa itaonekana. Kwa hiyo lakiri ikiwa imekatwa, uliza kulikoni.

Sasa malighafi. Seramiki ni tulivu, vumbi lake ni jepesi na halichafui rimu sana, na kwa kawaida huwa pole kwa diski. Nusu metali ina chuma kingi, hupitisha joto vizuri na hustahimili kazi nzito, lakini hupiga kelele zaidi, hutoa vumbi jeusi na hula diski haraka. Baadhi yake hushika kwa kusitasita asubuhi zikiwa baridi. Za oganiki (za nyuzi na gundi, bila chuma kingi) ni laini na kimya, ila huisha upesi na hulegea zikipata moto mkali. Lakini neno seramiki kwenye boksi halina kipimo kinacholilinda. Kila kiwanda kina mchanganyiko wake, na seramiki ya ovyo hushindwa na nusu metali iliyotengenezwa kwa uangalifu. Ndiyo maana mimi huanza kwa kuuliza gari lilitoka kiwandani na pedi za aina gani, nikitumia namba ya chesisi kupata namba ya kipuri, kisha hutafuta zinazolingana nazo. Waliolibuni gari lako walipima diski, kalipa na mfumo wa ABS (unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) kwa kufuata msuguano fulani.

Boksi la tatu ningeliacha dukani. Pedi isiyotaja malighafi yake, isiyo na namba ya toleo wala alama ya idhini, haina mtu wa kuulizwa ikimeguka. Na kuna la afya pia. Zamani lainingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Umoja wa Ulaya ulikamilisha kuipiga marufuku mwaka 2005, lakini si kila nchi imefanya hivyo, na pedi isiyo na asili haikuhakikishii lolote. Kwa pedi yoyote ile, fundi asipulize vumbi la breki kwa hewa ya kompresa. Atumie dawa ya kusafishia breki au kitambaa chenye maji.

Bi_Usukani:

Sipingani na mliotangulia, ila naona mteremko haujapewa nafasi yake, na hapo ndipo gari lililojaa familia hupata taabu.

Chukulia gari lenye uzito wa kilo 1,800 pamoja na watu na mizigo. Kulisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa hugeuza karibu kilojuli 700 kuwa joto. Gari hilo hilo likishuka mlima wa kimo cha mita 300, nishati ya kuondoa ni karibu kilojuli 5,300, yaani kama kusimama kutoka kilomita 100 mara saba na zaidi bila nafasi ya kupoa. Sehemu ya nishati hiyo humezwa na upepo na injini, lakini dereva anayeshuka akiwa gia ya juu na mguu juu ya pedali huibwaga karibu yote kwenye breki za mbele. Hakuna pedi ya gari la familia iliyokusudiwa adha hiyo, iwe seramiki au nusu metali. Shuka kwa gia ndogo, kanyaga kwa uthabiti kupunguza mwendo, kisha achia ili diski zipate hewa.

La pili ni mafuta ya breki. Hunyonya unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na kiwango chake cha kuchemka hushuka. DOT 4, mojawapo ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika katika kipimo ni nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Mafuta yakichemka hutokea mvuke, mvuke hubanwa, na pedali huzama hadi sakafuni hata kama pedi ni mpya kabisa. Kwa kuwa kalipa inafunguliwa, muulize fundi mafuta hayo yalibadilishwa lini. Ikiwa hakuna anayekumbuka, jibu umelipata.

DerevaMtulivu:

Nawashukuru sana, hasa FundiBreki. Tumefungua kalipa ya kushoto na pini ya chini haikutoka mpaka ikazungushwa kwa spana. Kifuko chake cha mpira kilikuwa kimepasuka na pini ina kutu nusu ya urefu wake. Pistoni imerudi bila shida. Tumebadilisha pini zote mbili pamoja na mipira, na mafuta ya breki yamemwagwa na kuwekwa mapya. Kwa namba ya chesisi tumegundua gari lilitoka kiwandani na pedi zinazoelekea seramiki, na lile boksi la kwanza lina alama ya E ndani ya duara na lakiri yake ni nzima, kwa hiyo nimelichukua.

Limebaki suala la diski. Ya kushoto ina mikwaruzo midogo ya mviringo upande wa ndani. Tumeipima, ina milimita 26.8, na kwenye kitovu chake pamechapwa kuwa kikomo ni 26. Fundi anataka kuzichonga diski zote mbili ziwe laini. Nikubali?

FundiBreki:

Usikubali. Una milimita 0.8 tu juu ya kikomo. Kuchonga kutaondoa sehemu yake pande zote mbili, na kinachobaki kitaliwa na pedi mpya kabla hazijafika nusu. Diski nyembamba hupata moto haraka, na safari za mteremko ndizo zitakazokuumbua. Kama mikwaruzo ni midogo kiasi kwamba ukucha haukwami, na pedali haitetemeki unapokanyaga, zifunge kama zilivyo na uzipime tena ukaguzi ujao. Ukucha ukikwama, nunua diski mpya mbili, kwa sababu pedi mpya juu ya diski yenye mabonde hugusa sehemu chache tu na kulia tena.

Wakati wa kufunga, sehemu ambazo masikio ya pedi hukaa zisafishwe kutu kwa brashi ya waya, na vibati vipya vya kushikia pedi vilivyomo kwenye boksi vitumike, visitupwe kama wafanyavyo wengi. Lainingi na diski zisiguswe na grisi hata kidogo. Pistoni zikishasukumwa ndani, pedali itazama mara ya kwanza. Ikanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, kabla ya kuondoka gereji.

Mhandisi_K:

Na usizifanyie kazi nzito siku hiyo hiyo. Tafuta barabara isiyo na magari, punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 hivi kwa kukanyaga kwa kiasi, rudia kama mara ishirini ukiacha nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine, wala usisimame ukiwa umebana pedali breki zikiwa za moto. Fuata maelekezo ya boksi kama yanatofautiana na haya. Lengo ni tabaka jembamba la lainingi lijipake sawasawa juu ya diski. Harufu kidogo katika hatua hiyo ni ya kawaida. Gurudumu la kushoto likiwa la moto kuliko la kulia baada ya mwendo mfupi, rudi kwa fundi aitazame ile kalipa tena.

DerevaMtulivu:

Ukucha haukwami, kwa hiyo diski zimebaki. Tumemaliza kufunga, pedali imekuwa ngumu, na nimefanya zoezi la kupunguza mwendo kama ulivyoeleza. Nimesogeza mkono karibu na rimu zote mbili za mbele na joto lake linalingana. Safari ya likizo tutaisubiri pedi zikae kwanza kwenye mizunguko ya kawaida.